Mvivu wa Ukurasa wa Tano

Chuoni walimwita Wakili, si kwa sababu alisoma sheria, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Akikuambia maziwa ni meusi, utarudi kwako ukayachungulie. Kwa hiyo insha yake ya uhakiki wa hadithi fupi iliporudi na neno moja tu la wino mwekundu, alidhani mhadhiri amekosa la kusema. Neno lenyewe lilikuwa "Wapi?", nalo lilikaa kando ya sentensi aliyoipenda kuliko zote: Baba wa hadithi hii ni mvivu aliyekubuhu, anakula jasho la mke wake bila haya.

Mhadhiri huyo mzee alikuwa na utaratibu wake. Insha hurudi mara moja tu, unairekebisha, kisha unasimama kuisoma mbele ya darasa. Yeyote anayeitilia shaka hoja yako hugonga meza na kuuliza, "Wapi?" Usipoonyesha ukurasa na mstari, unakaa chini, na alama zako zinakaa chini pamoja nawe. Na Wakili alizitaka alama hizo kwa udi na uvumba. Bila alama ya juu asingeingia darasa la uhakiki mwakani, na kaka yake aliyemlea alikwisha kata shauri: basi atasoma uhasibu. Wakili na hesabu walikuwa paka na panya.

Hata hivyo hakuwa na wasiwasi. Amesahau tu kuandika ukurasa, kazi ya dakika moja. Jumamosi akakaa sebuleni kwa kaka yake, wifi yake akipiga pasi pembeni.

"Wifi, hebu nikusomee, uone huyu mwanamume alivyo."

Akafungua ile hadithi, ukurasa wa tano. Akasoma kwa madaha, mkono kiunoni, midomo ameibetua: "Tangu aoe hajashika jembe wala nyundo. Mwenzake anatoka na jua, yeye anageuza ubavu. Mwanamume gani huyo!"

Wifi akacheka mpaka akaiweka pasi chini. "Jamani wifi! Huyo mama mbea umempatia kwelikweli."

"Mbea gani?"

"Si huyo anayesema? Mimi ninaye wangu hapo mlango wa pili."

Wakili akarudi nyuma ukurasa mmoja. Chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne, jirani alikuwa amefungua mdomo. Maneno yake yalivuka hadi ukurasa wa tano, na Wakili, siku aliyoisoma hadithi maktabani, alianza kunakili kuanzia juu ya ukurasa huo, kana kwamba ni msimulizi anayesema. Akaipekua hadithi nzima akitafuta mstari mwingine wa kumfunga yule baba. Haukuwepo. Mke hakulalamika hata mara moja, na baba mwenyewe hakupewa nafasi ya kusema neno.

Kibaya zaidi, darasa zima liliandika vilevile. Yeye ndiye aliyewaelezea kibarazani, nao wakameza bila kutafuna. Angeweza kukaa kimya. Nani angegonga meza kupinga jambo aliloliandika mwenyewe? Wazo hilo lilimpitia, akaona haya, kisha akakasirika. Hakuwa mtu wa kushinda kesi kwa umbea wa jirani.

"Wifi, nipishe hiyo meza," akasema. "Nabomoa nyumba."

Kubomoa kuliuma. Aya ya pili ilikuwa tamu, akaifuta. Ya tatu ikafuata, na ile sentensi yake kipenzi akaikata huku roho inamsokota. Lakini kufikia jioni alikuwa na hoja nyingine, na alijua imeipita ya kwanza, maana alijikuta akitabasamu peke yake.

Siku ya kusoma akasimama, akaanza: "Katika hadithi hii, hakuna ajuaye kama baba ni mvivu. Anayesema hivyo ni jirani tu, na mwandishi ametutega tumwamini."

Meza zikagongwa kama mvua ya mawe. "Wapi?" "Wapi?" Rafiki yake, ambaye walikuwa chanda na pete, alisimama kabisa. "Si wewe uliyetuambia ni mvivu?"

"Ni mimi. Na mimi niliambiwa na jirani. Ukurasa wa nne, mstari wa mwisho. Someni taratibu."

Kurasa zikafunuliwa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Lo!" Wakili akaendelea, na kila walipouliza aliwaonyesha, hadi mikono ikachoka kugonga. Alipomaliza, mhadhiri hakuwa akimtazama. Alikuwa amefungua maelezo yake ya kufundishia, karatasi zilizogeuka manjano, akiyalinganisha na hadithi mstari kwa mstari.

"Chukueni insha zenu," akasema hatimaye. "Jumatatu nazitaka upya."

Darasa likaguna.

"Msigune. Na mimi nitaleta yangu. Miaka yote nimewafundisha watu kwamba baba huyu ni mvivu." Akazikunja zile karatasi, akamgeukia Wakili. "Wewe usilete kitu. Wewe tutaonana mwakani."

Wakili akakaa chini upesi, kwa furaha.