Mabomba ya Mukuba

Kwa wiki tatu Hortense alijua, akanyamaza.

Mchoro wa hifadhi ya viumbe wa bahari pale Karavia ulikuwa wake. Aliuchora kwenye masomo ya jioni, katika mtaa uitwao Kenya huko Katanga, akiwa na miaka hamsini na miwili, ili watoto wasiowahi kuona bahari wajifunze kuipenda na kuitunza. Maji ya mvua yatoke juu ya paa na kutiwa chumvi, umeme utoke kwenye jua, na wanyama wawe waliozaliwa mabwawani, si wa kung'olewa miambani. Mwalimu wake, Enjinia Clovis, aliuomba aukague. Ulipobandikwa ukutani Karavia, ulikuwa na jina la Clovis.

"Mama, nani atasadiki mwanafunzi ya jioni?" alimcheka pembeni alipodai jina lake. "Enda uuzishe ndizi."

Kisha akabadilisha kitu kimoja. Hortense alikuwa ameandika mabomba ya plastiki. Clovis akaweka ya shaba.

"Huku iko Katanga!" alijigamba mbele ya mafundi. "Bageni baone mukuba yetu!"

Hortense alijua kwamba shaba ikiliwa na maji ya chumvi huua kamba na matumbawe. Mstari huo aliusoma kitabuni mara tatu, kamusi ya Kifaransa mkononi. Angeweza kusema siku ileile. Badala yake, kila asubuhi alipiga magoti: "Bwana, umuaibishe mbele ya bantu mingi." Alipanga kusema siku ya ufunguzi, kabla wanyama hawajaingizwa.

Lakini Clovis aliingiza kamba thelathini siku mbili mapema, wageni wasikute maji matupu.

Asubuhi ya ufunguzi wote walikuwa wameelea, wamekufa. Watoto wa shule walibandika pua kwenye kioo. Mounira, aliyewaleta kamba hao kutoka mabwawa ya pwani, alikuwa analia.

"Ni... ni joto," alisema Clovis.

"Ni mukuba," alisema Hortense. Akafungua daftari lake la rasimu. "Enjinia, kila Ijumaa ulikuwa unatia sahihi kazi yetu. Soma hapa, juu ya sahihi yako: plastiki tu. Na useme sababu: juu ya nini plastiki?"

Clovis aliangalia sahihi yake ya wino mwekundu. Akamsogelea Hortense, akipunguza sauti.

"Mama Hortense, tafadhali, tuongee pembeni..."

"Pembeni ulinituma kuuza ndizi. Hapa uandike jina yangu."

Akaandika kwenye mchoro ukutani, mbele ya wageni na watoto. Siku hiyohiyo mafundi walianza kung'oa mabomba, naye Hortense akiwaonyesha.

Jioni, kanisani, alitubu kwa ajili ya kamba. Aliwalilia kwa kweli, wote thelathini, maana kinywa chake kingewaokoa. Kisha ikafika zamu ya kumwombea Clovis. Alitafuta neno moja la huruma, asilipate.

"Bwana, unijue tu," alisema mwishowe. "Bado minafurahi vile aliaibika."

Akafanya ishara ya msalaba, akaenda darasani.