Uso wa Kisogoni

Munyao aliporudi kutoka China, alikopelekwa na kampuni inayojenga barabara ya Kanyangi kusomea umeneja, mamake Kalunde alimpelekea isyo kambini, mahindi na maharagwe ya nyumbani. Wengine hurudi na simu mpya. Yeye alirudi na uso wa pili, kisogoni, wenye nyusi na kila kitu.

"Huu wa mbele ni wa wakubwa, mwaitu," alimweleza mamake. "Wa nyuma ni wa raia. Kwa kampuni ya serikali, bila zote mbili hupandi cheo."

"Kwetu mtu wa nyuso mbili hufukuzwa barazani."

"Huku anapewa gari."

Kalunde akazunguka nyuma, kwenye uso wa raia. Akasema tuta la barabara limeziba mkondo unaojaza silanga, lile bwawa alilolichimba kwa jembe na wanawake wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Mvua iko karibu. Lami ikimwagwa kabla ya kuwekwa kalvati ya kupitisha maji chini ya barabara, kijiji kitakunywa vumbi.

Uso wa nyuma ukalia. Ulilia vizuri, hata kola ikalowa. "Pole, mwaitu. Tumekusikia." Ule wa mbele, wakati huohuo, ulikuwa kwenye simu ukimwambia mkurugenzi kwamba raia wameridhika.

Mkurugenzi, Mchina, akaja kuwasalimu wanakijiji waliokusanyika kambini. Hakuvua kofia, ingawa kisogoni mwake kitu kilipiga chafya mara kwa mara.

Mzee Nzuki, mmoja wao, akasimama. "Nani aliamua tunyimwe kalvati?"

Mkurugenzi hakuelewa neno, lakini alimwona Munyao akitabasamu. "Hao! Hao!" akasema, yaani kwa Kichina, vizuri, vizuri.

Watu wote wakageuka kuwatafuta hao. Nyuma yao kulikuwa na mbuzi tu. Munyao, aliyejua lugha zote mbili, alitabasamu mbele na kulia nyuma.

"Basi ni hao," Nzuki akasema, akaketi.

Lami ikamwagwa. Mvua ikanyesha, maji yakasimama upande wa juu wa tuta, silanga ikabaki na nyufa zake.

Siku hizi Munyao akiwa mkutanoni, Kalunde na wenzake hupanga ndoo nyuma ya kiti chake. Hujaa machozi upesi. Hayanyweki, ila isyo haihitaji chumvi tena.

Kampuni imemfanya meneja kamili. Wamesema ndiye wa kwanza kuwaletea raia maji.