Buibui Wekundu Kwenye Okidi ya Baba Mkwe

Mama mkwe wangu alipiga marufuku kuua chochote chenye uhai ndani ya nyumba, na marufuku yenyewe ilianza jioni ile ile tuliyotoka kumzika baba mkwe. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akifa, mpaka ifike karamu ya kukoma kulia, siku ya mia baada ya kifo, roho yake huja kutembelea nyumbani kwa mwili wowote itakaoupata, kipepeo, nondo, hata panzi. Watu wengi hapa Hanoi wanaishia kwa kipepeo. Mama mkwe, Bi Nhan, hakuishia popote. Mende alisindikizwa mlangoni kwa ufagio na kuombwa radhi. Mbu walitunyonya tukiwatazama. Mume wangu Quyet alivimba uso akawa anakwenda kazini kama mtu aliyetoka kupigwa, na hakusema neno, maana mbele ya mama yake yule bwana ni bubu.

Mimi nilivumilia, na kuvumilia si kazi yangu, mdomo wangu hauna breki na kila mtu kwenye ghorofa letu anajua. Nilivumilia kwa sababu nilimhurumia. Mama alimuuguza mumewe, Mzee Khai, tangu uvimbe ulipomwanza kooni hadi mwisho, alipokuwa hawezi kumeza hata maji ya wali. Alipokata roho, Mama hakutoa chozi. Alimwosha, akapika, akapokea wageni, akafunga kitambaa cheupe cha msiba kichwani, macho makavu kabisa. Majirani wa ghorofa ya chini wakaanza kusema kwamba pengine alikuwa amemchoka. Nilishuka nikawaambia wafunge midomo yao, tena si kwa lugha nzuri.

Kitu cha Mzee kilichobaki na uhai ni okidi yake. Ilikaa kwenye chungu cha udongo kando ya dirisha, karibu na meza ya mababu ambako sasa na picha yake ilikuwa imewekwa. Aliihangaikia miaka na miaka. Wiki ile ya kupelekwa hospitali mara ya mwisho ndipo ilipochomoza kikonyo cha maua, akakigusa kwa kidole na kumwambia mkewe kwamba kitafunguka akisharudi. Hakurudi, lakini kikonyo kiliendelea kukua, kikatoa matumba. Basi Mama akaweka moyo wake wote hapo. Maua yafunguke siku ya karamu ya kukoma kulia, yawe mezani mbele ya picha, hakutaka zaidi ya hilo. Kila asubuhi alimwekea mumewe bakuli la wali na vijiti vya kulia, akawasha udi, kisha akainama kuyatazama matumba.

Ukaja ule upepo mkavu wa kuingia baridi, unaopasua midomo. Tukawasha hita ya umeme kutwa nzima. Siku moja napangusa vumbi dirishani, nikaona majani ya okidi yamepoteza mng'ao, yana rangi ya majivu, kama yamekwaruzwa kwa sindano. Nikaligeuza moja. Chini yake kulikuwa na utando mwembamba, na mwingine umefunga tumba na tumba. Mimi nimezaliwa kwenye shamba la waridi, na utando ule naujua kuliko ninavyowajua baadhi ya mashemeji zangu. Ni utitiri, sisi tunawaita buibui wekundu ingawa si buibui. Ni wadogo kama chembe za pilipili ya unga, wanafyonza jani mpaka linakauka, na wakipata hewa kavu wanazaana bila aibu. Tumba la chini kabisa lilikuwa limeshageuka njano. Nilipoligusa likaanguka.

Nilimwita Mama. Nikakinga sahani nyeupe chini ya jani, nikaligonga kwa kidole. Vikaanguka vidoa vyekundu, vikatulia kidogo, halafu vikaanza kutembea. Nilitegemea asikie kinyaa. Badala yake alivaa miwani, akainama mpaka pua ikaribie sahani, na uso wake ukachangamka namna ambayo sikuiona tangu msiba.

"Amekuja," akasema.

Hapo tukagombana. Nilimweleza kwamba wale ni wadudu wa kawaida, wako kila shamba, na wasipooshwa haraka hakuna ua litakalofunguka. Akasema mbona hawakuwahi kuja miaka yote Mzee alipokuwa hai. Nikasema kwa sababu Mzee alikuwa akipangusa majani kila wiki, jambo ambalo sisi hatukulifanya tangu augue. Akasema hilo nalo ni dalili. Ukweli nilipandwa na hasira.

"Mama, kama huyu ni Baba, mbona anakula ua lake mwenyewe?"

Aliishika ile sahani kwa mikono miwili, akaiweka taratibu kwenye meza ya mababu, karibu na bakuli la wali.

"Alikufa na njaa, Ngoan," akasema. "Mwache ale."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Tangu siku hiyo nikawa natafuta njia za pembeni. Nilizima hita, Quyet akalalamika baridi, nikamwambia avae soksi. Niliweka beseni la maji chini ya dirisha ili hewa ipate unyevu. Nilipeleka maua mengine ya Mama, begonia zake, chumbani kwetu zisije zikaambukizwa. Nikaponda kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, nikaviloweka kwenye pombe kali ya mchele kama mama yangu anavyofanya shambani, nikaificha chupa nyuma ya mtungi wa mchuzi wa samaki. Quyet alipoiona, akaninong'oneza nipulize dawa Mama akienda sokoni, hatajua kitu. Nikamwangalia mtoto wa mwanamke yule. Nikamwambia kama anataka kumuua baba yake kwa siri, afanye kwa mkono wake mwenyewe. Simu yake ikawa na shughuli ghafla.

Lakini utitiri hawaogopi beseni la maji. Tumba jingine likaanguka, Mama akaliokota na kulitia mfukoni mwa koti. Likaanguka jingine. Karamu ilikuwa inakaribia, na nilimwona anavyokaa kwenye kiti mbele ya chungu, anatazama utando, anatazama matumba, hajui amtetee nani. Alianza kukonda. Nikaketi sakafuni karibu naye, na safari hii nikasema taratibu. Nikamwambia kwamba mimi na yeye tunabishana bure wakati Mzee mwenyewe yupo. Kwa nini tusimuulize?

Akakubali mara moja, nadhani alikuwa akingoja mtu aliseme. Akaoga, akavaa gauni lake la velveti. Akapika chakula alichokipenda Mzee, samaki wa kuchemka polepole kwa sukari iliyoungua na tangawizi, na wali laini. Akapanga mezani, akatoa sahani na sarafu mbili za kale zilizopakwa chokaa upande mmoja. Ukirusha, zikianguka moja nyeupe na moja nyeusi, marehemu amekubali. Zikifanana, amekataa. Unaruhusiwa mara tatu, basi.

Alizungumza na picha kama anavyozungumza na mtu aliyechelewa kuja mezani. Akamwambia samaki yuko tayari, na mifupa ameitoa, hakuna cha kumkwama kooni. Ashuke kwenye ua, aje aketi ale kama mtu, ili tupate kuliosha. Akarusha sarafu. Zote nyeupe.

Akafunga macho, akaomba tena, akarusha. Zote nyeupe. Nikajilaumu kwa kuleta wazo lile, maana akikataa na mara ya tatu, hakuna wa kubishana na neno la marehemu. Mara ya tatu alizitikisa muda mrefu viganjani. Zikagonga sahani, moja ikazunguka, ikalala. Zote nyeusi.

Tulizitazama. Udi ukawa unaungua. Halafu Mama akanyoosha kidole chake cha shahada, akaigeuza moja.

"Amekubali," akasema, akinikodolea macho juu ya miwani nione kama nitathubutu. "Maisha yetu yote huyu hakuwahi kukubali jambo bila kusukumwa kidogo."

Nikaenda kuchota maji kabla hajabadili nia. Nikakoroga sabuni, nikaleta kitambaa laini, nikaanza kumfundisha kwamba jani unalipokea kwa kiganja chini, unaanzia shinani kwenda nchani, na upande wa chini ndio muhimu. Akaninyang'anya kitambaa. Akasema amemwosha mtu mzima asiyeweza kujigeuza, hahitaji kufundishwa jani. Na kweli, sijawahi kuona majani yakioshwa vile. Alilishika kila moja kama lina maumivu. Alipomaliza nikapuliza ile dawa yangu, chumba kikanuka kilabu. Alisema Mzee hatalalamika.

Maji ya beseni yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu. Nilitaka kuyamwaga, akakataa. Aliyabeba mwenyewe, ngazi hadi ngazi mpaka uani, nami nyuma yake na koti lake. Akayamwaga kidogo kidogo kwenye shina la mti wa mkungu.

"Tangulia," akayaambia. "Nakuja."

Nikajifanya sikusikia. Kilichoniogopesha ni kwamba bado sikumwambia habari ya mayai. Sabuni inaondoa wanaotembea, mayai yanabaki, na baada ya siku chache yanaanguliwa, lazima urudie, tena na tena, usipochoka wewe hawachoki wao. Nilipomweleza akauliza kama kitambaa kimekauka. Akaosha tena, akashuka tena na beseni, safari hii bila kusema kitu. Mara iliyofuata alinituma mimi nikamwage.

Siku moja kabla ya karamu nikakinga sahani nyeupe, nikagonga kila jani. Hakikutembea kitu. Makovu ya majivu yalibaki, yale hayatoki. Kwenye kikonyo yalisalia matumba mawili, na moja lilikuwa limefunguka asubuhi ile, jeupe lenye koo la zambarau. Mama aliliangalia, akasema ni dogo kuliko ya mwaka juzi, akaosha majani kwa mara ya mwisho.

Mimi nilikuwa jikoni nakata machipukizi ya mianzi. Akaingia na beseni lake huku akimsema shemeji yake, kwamba kesho atakuja amelewa na atataka paja la kuku. Akamwaga maji ya majani kwenye sinki. Akasuuza beseni, akaligeuza lijikaushe, na bado anamsema shemeji. Halafu akanyamaza katikati ya neno. Nilipogeuka, alikuwa anatazama tundu la sinki, maji ya mwisho yanaingia.

Nikamwita. Alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Kesho tunakoma kulia," akasema. "Na mimi hata sijaanza, Ngoan."

Nilizima jiko, nikamshika, akaanza.