Manyunyu ya Gaudensia

Mzee Tluway aliingia ofisini Katesh na daftari la marehemu mkewe kwapani, wala hakungoja kukaribishwa. Miaka tisa Gaudensia alipima mvua kule Nangwa kwa ajili ya mradi wa utafiti, kila asubuhi saa tatu, na kutuma kipimo kwa simu. Sasa yuko kaburini, na barua ya mradi inasema vipimo vyake ni vya kubuni, vifutwe.

"Shikamoo, mzee," alisema Samira, binti wa kompyuta.

"Marahaba. Nani kamwita mke wangu mwongo?"

Gerald, mkuu wa ofisi, hakuinua macho. "Hakuna aliyetukana mtu, mzee wangu. Mkaguzi wetu alilipitia daftari hilo kule Nangwa, akalinganisha. Daftari linasema mvua, kompyuta inasema sifuri. Siku zaidi ya mia."

"Na hiyo kompyuta ililowa lini?"

Samira alibana kicheko. Tluway akamgeukia. "Nisomee namba zenu za mwanzo, mwanangu."

"Sifuri. Tatu. Sifuri. Kumi na mbili."

Tluway aliishia darasa la nne, lakini kidole chake kilifuata mistari ya daftari bila kupotea. Sifuri nukta nne. Tatu nukta mbili. Sifuri nukta tatu. Kumi na moja nukta nane.

"Zenu mbona hazina nukta hata moja? Huyu mama alikuwa akipiga magoti kwenye tope, jicho lilingane na maji kwenye gilasi, kwa ajili ya nukta!"

Samira akavuta kibodi. Aliandika 0.4 kwenye faili jipya, akalibana kama mradi unavyobana mafaili yake yasijaze nafasi, kisha akalifungua. Sifuri.

"Bosi, kosa ni letu. Kanuni tuliyobania inakadiria kila kipimo kuwa namba nzima. Manyunyu yote yamepotea."

"Mnashindilia gunia mpaka mahindi yanamwagika," Tluway alifoka, "halafu mwizi ni mkulima!"

Gerald alikohoa. "Ripoti imeshakwenda juu. Acha daftari, tutalifanyia kazi."

"Niwaachie nyie? Thubutu." Tluway akavuta kiti, akaketi. "Nasoma mimi, binti anaandika. Yote."

"Itachukua wiki nzima!"

"Mwenzenu ilimchukua miaka tisa."

Gerald akatoka akibamiza mlango. Samira aliiondoa ile kanuni, akaweka vidole tayari. Tluway akalowesha kidole kwa mate, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Tarehe mbili Novemba. Sifuri nukta nne."

Samira akaandika, akabana, akafungua, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Tluway aliinama mpaka jicho likalingana na ile nukta.

"Haya," alisema. "Tarehe tatu."