Bitana ya Pazia la Mwokozi

Wakati wa vita, kiongozi mkuu aliamuru daraja lilipuliwe adui asivuke. Redioni akasema halikuwa na mtu. Lilikuwa na watu, wamebeba magodoro na watoto, na kati yao mdogo wa Bi Sindano, fundi wa kushona, aliyekuwa amerudi kumchukua mama yao. Mtenda husahau. Leo kiongozi huyo, sasa mzee, anaitwa Mwokozi, na sanamu yake imesimama mbele ya daraja jipya, ikingoja kufunuliwa.

Kazi ya kushona pazia la kuifunika alipewa Bi Sindano. Katibu wa kamati, kijana aliyezaliwa vita vikiwa vimekwisha, alikagua kitambaa chekundu kwa kiganja.

"Kinang'aa, mama. Na bitana ya ndani?"

"Mwanangu, bitana ni ya fundi. Wewe ulishaona mgeni rasmi akichungulia bitana?"

Katibu akacheka, akaenda zake.

Hapo Bi Sindano akabisha hodi mlango kwa mlango. Wajane waliofiwa darajani wakafungua masanduku. Mmoja akatoa sweta ya shule, mwingine shuka la mtoto.

"Usilikate," alisema wa shuka.

"Silikati, dada. Nalishonea kwenye bitana, atakakotazama mzee."

Mwenyewe alitoa shati la mdogo wake, kola ingali na mshono alioushona yeye. Usiku wa vita alimwambia, "Nenda upesi, urudi na mama." Hasira ya maneno hayo alikuwa ameimeza muda mrefu, sasa aliitema kwa uzi.

Pindo la chini alilipigilia misumari kwenye ukingo wa jukwaa, penye ngazi. La juu akalitia vyuma vizito, ili kamba ikivutwa pazia lianguke kwa mbele na kugeuka ndani nje.

Siku ikafika. Mzee aliketi kwenye ngazi ya chini, mkongojo kati ya magoti, akisifiwa mpaka sifa zikaanza kujirudia. Akapanda jukwaani, akasimama kando ya pazia, akavuta kamba mwenyewe. Pazia likaporomoka, likafunika ngazi yote kuelekea kwa watu, na wekundu wake ukawa chini. Juu zikabaki nguo: sweta, shuka, mashati, kaptura ya mtoto.

Kisha mjane mmoja akasema, bila kupaza sauti, "Ile sweta ni ya mwanangu."

Mwingine akaongeza, "Na shuka lile langu."

Mzee akatazama chini. Sanamu yake ilikuwa mgongoni, na njia ya kushukia ilikuwa moja tu. "Nani kaweka matambara haya? Yaondolewe."

Katibu akainama kuyavuta, misumari ikamkatalia. Akamtazama fundi. Bi Sindano alikuwa ameshika mkasi, ila haukufunguka.

"Pita, mzee," alisema. "Mbona safari ile hukusita? Uliambiwa wapo, ukasema hawapo. Haya, leo hawapo. Kanyaga."

Mzee akainua mguu. Akauona mshono wa kola. Akaurudisha.

Jua likapanda. Wageni rasmi wakaondoka mmoja mmoja kwa kupitia pembeni. Hakuna aliyemnyooshea mkono. Wajane wakaketi mbele ya ngazi, wakanyoosha miguu yao, wakamngoja.