Vifuniko vya Jaguar ya Bwana Maingi

Siku ya Ijumaa mafundi wa magari wa Kariobangi hawakuhitaji saa, walimtazama Phares Okumu. Akianza kunawa mikono kwa mafuta ya taa huku jicho moja likiwa juani, walijua saa kumi na moja na nusu imetimia, na wenye utani walimpigia kelele: "Mzee Phares, kimbia, Sabato itakukuta na spana mkononi!" Naye alikimbia kweli. Alikuwa Msabato wa kuzaliwa na mzee wa kanisa, na tangu aache karakana ya reli, jua la Ijumaa halikuwahi kutua akiwa kazini.

Mwenzake Muturi alisali Jumapili. Kwa hiyo kibanda chao hakikufungwa hata siku moja: Jumamosi alikuwapo Muturi, Jumapili Phares. Na kwa kuwa hawakuonana tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu, waliiachia meza iwasemee. Kipande kilichowekwa kushoto kilikuwa cha pipa, kilichowekwa kulia kilikuwa cha msasa. Ndani ya pipa mlichemka maji yaliyotiwa soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, na chuma kilichopikwa humo kilitoka kimevuliwa grisi na rangi ya miaka thelathini. Vitu vya aluminiamu vilikaa kulia, kwa sababu soda hiyo huila aluminiamu kama mchwa alavyo mbao. Hawakuandikiana hata neno. Kwa miaka kumi na mmoja meza ile haikuwadanganya.

Mwaka 1979 Bwana Maingi, karani wa jiji aliyependa suti na sifa kwa kiasi kilekile, aliwaletea Jaguar ya viti viwili, gari la michezo la mwaka 1952, alilonunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Alitaka injini ing'ae mpaka ajione meno. Juu ya injini hiyo palikuwa na vifuniko viwili virefu vya aluminiamu, lakini mtu fulani asiye na haya alikuwa amevipaka rangi nzito ya kijani, ile ya mageti. Phares alikwaruza pembe moja kwa msumari, akaona weupe ukimchekea kutoka chini. Tangu hapo alivipenda vifuniko vile. Alimwambia Muturi vitu vingi kuhusu gari hilo, ila hakumwambia chini ya rangi ile kuna nini, maana alitaka kumshangaza.

Ijumaa ya wiki ya pili mteja mmoja alimshika kwa maneno, na Phares alipoinua macho jua lilikuwa limeshagusa mapaa. Akakusanya vipande vyote mezani kwa haraka, vya chuma na visivyo vya chuma, akavigawa bila kutazama, akatoka mbio huku wenzake wakimcheka.

Kesho yake, saa sita mchana, akiwa mbele ya darasa la kanisani na Biblia mkononi, mikono yake ilikumbuka yenyewe. Kushoto. Alikuwa ameviweka kushoto.

Kutoka kanisani hadi kibandani hapakuwa na mwendo wa nusu saa. Na aya aliijua, aliwahi kuifundisha: ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, nani hamtoi? Lakini watu walikuwa wakimtazama. Mzee wa kanisa kuacha darasa kwa ajili ya gari! Akajiambia huenda amekumbuka vibaya. Akajiambia Muturi atausikia uzito mkononi, fundi gani asiyejua chuma? Akafungua ukurasa uliofuata, akaendelea kufundisha, na hakuna dhambi aliyowahi kuitenda kwa utulivu kama ile.

Jumapili alivikuta vinaning'inia kwenye waya. Vilikuwa vyeusi, vimejaa mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na kingo zake zimeliwa kabisa.

Jumatatu Bwana Maingi alifika mapema kuliko alivyotarajiwa. Alivitazama vifuniko, akawatazama wao.

"Hivi havipatikani Nairobi. Nani amefanya hii?"

"Mimi ndiye nilivitia kwa pipa," Muturi alisema. "Nilivikuta kushoto."

Bwana Maingi akamgeukia Phares. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na neno moja tu lingetosha. Phares alifungua mdomo akikusudia kulisema, akatoa jingine.

"Niliviweka kulia, Muturi."

"Kulia?"

"Kulia."

Muturi hakubisha. Laiti angebisha! Laiti angemtukana! Alisimama tu akiitazama meza, na uso wake ukaingiwa na woga ambao Phares aliujua unatoka wapi. Mama yake Muturi alikufa hajui tena majina ya wanawe, na mara nyingi wakinywa chai Muturi alikuwa amemwambia jambo moja tu linamtisha duniani: siku kichwa chake kitakapoanza kumkimbia kama cha mamake.

"Basi ni kichwa," Muturi alisema polepole. "Basi imeanza."

Wiki hiyohiyo aliacha ufundi. Alisema mtu asiyejua kushoto na kulia asishike injini ya watu. Husemwa majuto ni mjukuu, lakini ya Phares yalizaliwa palepale, yakakua naye, yakala naye. Kila asubuhi alisema atakwenda. Kila jioni alikuwa na sababu. Ikapita miaka minne hivyo, naye akaendelea kufundisha amri kumi.

Siku moja mwaka 1983 alimwona Muturi sokoni. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tatu, mgongo umenyooka, mwenye nguvu. Mkononi alishika karatasi, na kila baada ya hatua chache alisimama kuisoma. Phares alipita nyuma yake akachungulia. Ilikuwa imeandikwa kitunguu, sabuni, na chini yake njia ya kurudi nyumbani, kona kwa kona.

Phares hakurudi kazini siku hiyo. Alienda moja kwa moja Dandora, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa Muturi mpaka mwenyewe akafika.

"Baba Wacera," alisema kabla hata ya salamu, "vile vifuniko niliviweka kushoto. Ni mimi. Nilijua hata kabla ya siku ile ya Maingi. Kichwa chako hakijawahi kuwa na kasoro."

Muturi aliweka kikapu chini.

"Sema tena."

Phares akasema tena.

"Mama Wacera! Kuja usikie. Rudia, yeye pia asikie."

Waruguru, mke wa Muturi, alitoka na ungo wa maharagwe mkononi, na Phares akarudia mara ya tatu, na kila mara maneno yalikuwa mazito zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa kofi. Alikuwa hajajiandaa kumwona Muturi akicheka huku machozi yanamtoka.

"Mkono wangu uliniambia ni vyepesi," Muturi alisema. "Nikauambia mkono, nyamaza, Phares hakosei. Na uliposema kulia, nikaona heri macho yangu yawe yamekosea kuliko wewe. Nilikuamini wewe kuliko mimi, Baba Adoyo."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Hayo tutaongea siku ingine."

Waruguru hakucheka. "Tuko na mjukuu ndani, ana mwaka mmoja," alimwambia Phares. "Huyu hajawahi kumbeba. Anasema atamwacha mahali asahau."

Aliingia ndani, akatoka na mtoto, akamnyooshea mumewe. Muturi aliinua mikono, kisha akaiacha hewani. Hakumtazama mtoto, wala mkewe. Alimtazama Phares.

"Uko na hakika?" aliuliza. "Naweza kumshika?"