Haina Mwenyewe

Siku ya tatu karani alitoka tena kwenye buro ya teritwari ya Fizi, ofisi ya Serikali ya wazungu, akaita majina manne, na jina la Anatole halikuwemo. Anatole alirudi kuchuchumaa ukutani. Kukaa kwenye ngazi kulikatazwa. Kusimama karibu na dirisha kulikatazwa. Chini ya mikaratusi, penye kivuli, alikuwa amefukuzwa asubuhi. Alikuwa ametoka Baraka kwa mguu, akaupanda mlima wote, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka njiani. Alileta mikeke sita, samaki wa ziwa waliokaushwa, heshima ya mgeni. Pulisi wa mlangoni alikwisha kula minne.

"Papa, kwenu kuko samaki nzuri," pulisi alisema, akichokoa mwiba menoni.

"Kulikuwa," alisema Anatole.

Alikuja kwa ajili ya Jiwe. Watu wa Baraka waliliita hivyo tu: kisiwa kidogo cha mawe matupu ziwani, mbele ya rasi ya Ubwari, hakina mti wa kufungia mbuzi, hakikaliwi na mtu. Wanaokaa huko ni minandi, wale ndege weusi wanaozama majini na kuibuka na samaki mdomoni. Wako maelfu, na mavi yao yamelipaka Jiwe kama chokaa. Mikeke iko maji ya mbali. Bila Jiwe la kupumzikia na kuanikia, samaki wanaoza kabla mtumbwi haujafika nyumbani. Mashamba ya nchi kavu yalikuwa yamejazwa pamba ya lazima ya Serikali, na pamba hailiwi.

Ukoo wa Anatole ndio uliolilinda tangu zamani za mababu, na sasa mlinzi alikuwa yeye. Minandi wakianza kubeba vijiti vya viota, mlinzi anatangaza, na hakuna mguu wa kukanyaga huko mpaka makinda yaruke. Yakisha kuruka, yeye anashuka wa kwanza, peke yake, anafagia mahali pa kuanikia, kisha anainua tawi alilofagilia na mitumbwi inaingia: ya Baraka, ya Mboko, hata ya wapita njia. Na akiulizwa Jiwe ni la nani, mlinzi anajibu, "Haina mwenyewe." Hana ruhusa ya kujibu vingine. Siku atakayosema "yangu", ulinzi umemtoka. Kila mtu wa ziwa akisikia neno hilo anajua ameambiwa nini: omba, hutanyimwa.

Mwaka uliotangulia, katikati ya mwezi wa viota, alikuja mzungu mmoja aliyeitwa daktari wa ndege. Shefu wa kijiji alimtoa Anatole apige kasia, pamoja na jirani yake Jacques.

"Daktari ya ndege!" Jacques alicheka sana. "Mama yangu alikufa kwa kungojea daktari ya batu. Kumbe ilifaa tumuoteshe manyoya."

Anatole alimwambia karani Eugène, aliyekuja kutafsiri, kwamba Jiwe limefungwa. Mzungu alitabasamu, akapanda mgongoni kwa Anatole ili viatu visilowe, akashushwa juu ya viota. Alipiga bunduki asubuhi nzima. Mayai aliyapanga kwenye makasha mawili, akayazungushia pamba, pamba ileile waliyoilima wake zao. Alipokwisha alifungua kitabu chake akauliza kisiwa ni cha nani. Anatole alijibu alivyofundishwa na baba yake. Eugène akatafsiri. Mzungu akaandika neno moja.

Miezi minane baadaye ilani ilisomwa sokoni Baraka. Kisiwa ni nchi tupu, mali ya Serikali. Kinafungwa daima ili ndege wapone na uharibifu wa wenyeji. Mtu mweusi atakayekanyaga atafungwa.

"Enda Fizi," Félicité alimwambia mumewe Anatole usiku ule, kabla hajala. "Enda ubaeleze ile neno iko na maana gani. Ni we njo uliisema."

Mchana wa siku ya tatu waliita jina lake.

Bwana mkubwa wa teritwari alikuwa nyuma ya meza, karatasi mbele yake. Eugène alisimama kando kwa shati jeupe, kalamu mfukoni. Kiti kilikuwepo. Hakuna aliyekitaja.

"Weye nataka nini?"

Anatole alieleza kama alivyojizoeza mlimani: viota, tawi, neno. Alieleza vizuri. Bwana mkubwa alimkata kabla hajamaliza, akaongea Kifaransa na Eugène, kisha akagonga karatasi kwa kidole.

"Mbele, siku ya daktari, weye nasema kisiwa haina mwenyewe. Iko hapa, daktari nasaini. Leo weye nasema iko yenu. Siku gani weye nasema uongo?"

"Hakuna uongo, bwana. Ni neno moja."

"Siku gani? Mbele ao leo?"

Anatole alimgeukia karani. "Eugène, we mutoto ya Mboko. Baba yako alianika samaki pale, mimi njo nilimuinulia tawi. Ile neno unaijua. Mwambie."

Eugène alikohoa. "Papa, mi naijua."

"Basi mwambie."

"Ku Kifaransa kitu haina mwenyewe iko na neno moja tu. Ile neno ikisha kuandikwa, kitu imekuwa ya Serikali. Njo sheria. Mi sikuipanga mimi, papa."

"Nasema nini?" bwana mkubwa aliuliza.

Eugène alijibu kwa Kifaransa, maneno matano ama sita. Yalikuwa machache mno. Anatole hakujua Kifaransa, lakini alijua kupima.

"Kama uongo iko mbele, weye nadanganya Serikali mbele," alisema bwana mkubwa, bila hasira, kama mtu anayefunga mzigo. "Kama uongo iko leo, weye nadanganya Serikali leo. Siku kumi na ine."

"Kwa uongo ya siku gani, bwana?"

Pulisi alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa upole, na vidole vyake vilinuka mikeke.

Siku kumi na nne za kifungo alikata majani kuzunguka nyumba za wazungu. Aliporudi Baraka wavuvi walimsalimu, wakaondoka upesi. Ni Jacques peke yake aliyekaa.

"Banasema uliiuza."

"Na we unasema nini?"

"Mi nilikuwa pale." Jacques alitema mate pembeni. "Lakini ungesema tu iko yako, muzee. Mara moja. Tungekucheka, tungekutosha ku ulinzi, tungeweka mwingine, basi. Leo tungekuwa na samaki."

Nyumbani Félicité alikuwa amepika sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki.

Mwezi wa viota ulipofika tena, shefu alitaka watu wanne wa kasia kwa ajili ya Jumapili. Jina la kwanza lilikuwa la Anatole, kwa sababu alikuwa anaijua njia ya kisiwa. Walipakia viti vya kukunja, vikapu, chupa, bwana mkubwa, mke wake mwenye mwavuli, wageni wanne wa kutoka Uvira. Pulisi yule wa mlangoni alikaa mbele na bunduki.

Walipofika, minandi waliinuka wote kwa pamoja, na kivuli kikapita juu ya mtumbwi. Wazungu walishuka wakipiga kelele za furaha. Ganda la yai lilisikika chini ya kiatu, likafuata jingine. Hapakuwa na mahali pa kukanyaga pasipo na yai. Pulisi alishuka naye, maana gwanda si mtu mweusi.

"Ninyi, hapana," alisema. "Sheria."

"Hata kufunga kamba?" Jacques aliuliza.

"Nani ataifunga? Itashuka yenyewe?" pulisi alijibu.

Basi walikaa majini. Wakapiga kasia kidogo mbele, kidogo nyuma, urefu wa mkono mmoja kutoka kwenye Jiwe, jua likapita utosini. Juu walisikia vikombe. Kinda moja bila manyoya lilianguka ukingoni likaelea, na Jacques akalisukuma kwa kasia ili lisigonge ubavu wa mtumbwi.

Alasiri upepo ulitoka kusini. Mawimbi yalianza mafupi, yakarefuka. Mara mbili walikosea kidogo, na mbao zikalia juu ya mawe. Mara ya tatu ubavu ulikuwa unakwenda kupasuka, na Anatole alitupa kasia ndani, akanyoosha mkono, akalizuia Jiwe kwa kiganja.

Pulisi alikuja mpaka ukingoni. Alitazama kiganja. Akatazama nyuma, kule kwenye viti, ambako mama wa mwavuli alikuwa amesimama na kuangalia huku.

"Papa, tosha mukono, uondoe ku Jiwe. Ni sheria."

"Nikitosha, mutumbwi inapasuka. Na hao batarudi na nini?"

"Papa." Pulisi alishusha bunduki begani. "Banaangalia. Tosha mukono."

Kiganja kilikuwa kimeteleza juu ya mavi meupe na ute wa mayai, na vidole vilitafuta ufa wa kushika. Nyuma yake Jacques alisema polepole, "Ile wimbi kubwa iko nakuja."